Tupeane uzoefu: Kufundisha kusoma kwa riwaya moja ya watoto, darasa la pili na la tatu

ChakiNyeupe (mwanzisha mada)

Habarini walimu, na wazazi mnaosomesha nyumbani. Uzi huu ni wa kazi moja: kuchukua riwaya fupi ya watoto ya maisha ya kawaida, isiyo na majini wala sungura wanaoongea, na kufundishia kusoma watoto wa madarasa ya chini. Sizungumzii kifungu cha ufahamu cha kitabu cha kiada. Nazungumzia kitabu kizima chenye sura. Tupeane hatua, muda, idadi, na mahali panapoharibika.

Ili tusiongee hewani tutumie mfano wa kubuni: mvulana anavunja miwani ya babu yake, anaificha, halafu anamwona babu akihangaika kusoma barua.

Naanza na kuchagua. Sura 8 hadi 12, kila sura kurasa 5 hadi 8, maandishi makubwa, picha hapa na pale. Hadithi iende mbele kwa mpangilio wa siku. Riwaya inayorukaruka nyuma na mbele waachieni wakubwa. Majina ya wahusika wakuu yasizidi matano, na yasifanane mwanzo. Kitabu chenye Asha, Aisha na Asia kitakula nusu ya kipindi kwa "huyu ni yupi?"

Kisha mpe mtoto wa wastani asome maneno 60 kutoka katikati ya kitabu. Ukurasa wa kwanza hupotosha, maana hapo mwandishi bado anatambulisha watu na mahali na sentensi zake hazifanani na zile za mbele.

MwlSilabi

Hapo kwenye kupima ndipo wengi wanapojidanganya, mwalimu. Maandishi ya Kiswahili yanafuata sauti, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama na asijue kilichotokea. Pima vitu viwili, tena kwa kuvitenganisha.

Usahihi: akikosea maneno 4 kati ya 60, amepata 56, sawa na asilimia 93. Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: asilimia 95 na kuendelea anaweza kusoma peke yake, 90 hadi 94 anahitaji mwalimu karibu, chini ya 90 kitabu kinamshinda, msomee. Akijisahihisha mwenyewe usihesabu kosa. Jina la mhusika akilikosea mara tano, hesabu mara moja. Lafudhi ya nyumbani si kosa.

Ufahamu: funga kitabu, uliza maswali matatu. Moja jibu lake limeandikwa wazi (miwani aliificha wapi?), moja la sababu (kwa nini hakusema mara moja?), moja la kukisia (babu anajua au hajui, na umejuaje?). Aliyesoma kwa asilimia 98 na akajibu moja tu hajakiweza kitabu. Huyo akae karibu nawe, msimwache asome peke yake kwa sababu tu sauti yake inateleza.

Msichukue pia viwango vya maneno kwa dakika vya Kiingereza. Neno "hawakumsikiliza" ni moja kwenye hesabu, lakini limebeba kukanusha, watendaji, wakati na mtendwa. Mtoto anayeonekana mzito kwa saa huenda hana uzito wowote.

KurasaKumi

Ratiba kwa riwaya ya sura 10: wiki tatu, siku nne kwa wiki. Hivyo ni vipindi 12: kimoja cha utangulizi, kumi vya sura, kimoja cha kufunga. Siku ya tano ya wiki ni ya kurudia kusoma na kuwafikia waliokosa. Ikizidi wiki nne watoto wanasahau tatizo la sura ya kwanza, na hadithi inageuka vipande.

Kipindi cha dakika 32 kinagawanyika hivi: dakika 4 kukumbuka tulipoishia, 15 kusoma, 8 kuzungumza, 5 kuandika. Kinachovunja mgawanyo huu ni zile dakika 4 za mwanzo, zinazogeuka 12 mwalimu anapotaka kila mtoto asimulie. Watoto wawili wanatosha: mmoja aseme kilichotokea, mwingine aseme tatizo lililobaki.

Nani asome? Sura ya 1 na ya 2 soma wewe, kwa sauti, watoto wakifuata kwa kidole au rula. Sura ya 3 hadi ya 5 soma aya, wakuitikie aya hiyohiyo kwa pamoja. Kuanzia ya 6 wasome wawili wawili. Sura ya mwisho irudi kwako. Mvulana anapomkabidhi babu miwani iliyovunjika, maneno yale yasikike kwa mara ya kwanza yakiwa na pumzi na mkazo wake. Wakimaliza kukusikia, ndipo waisome wenyewe.

Mkia wa Foleni

KurasaKumi umesema wawili wawili. Mbona kusoma kwa zamu darasa zima, mmoja mmoja, kumezoeleka na kazi inakwenda?

KurasaKumi

Piga hesabu, ndugu yangu. Watoto 40, dakika 15: kila mmoja anapata sekunde 22. Zilizobaki anasubiri zamu yake, anahesabu sentensi ipi itamwangukia, na hasikilizi hadithi. Wawili wawili, kila mtoto anasoma kama dakika 7.

Namna ya kuwapanga: orodhesha majina kuanzia anayesoma vizuri zaidi hadi anayesoma kwa shida, ikate orodha katikati, wa 1 akae na wa 21, wa 2 na wa 22, hadi wa 20 na wa 40. Tofauti inakuwa ya wastani kwa kila jozi. Wa 1 ukimpa wa 40, mmoja atachoka na mwingine atanyamaza.

Mwenye nguvu anaanza kusoma ukurasa, mwenzake anarudia ukurasa uleule, maana ameshausikia. Akikwama, mwenzake ahesabu kimya hadi tatu, aseme "jaribu tena neno hilo"; ikishindikana amtajie, kisha sentensi isomwe upya tangu mwanzo. Kule kurudi mwanzo ndiko wanakokuruka, nako ndiko kunakorudisha maana iliyokatika. Igizeni mbele ya darasa siku mbili kabla hamjaanza, la sivyo "kusaidia" kutageuka kunyang'anyana kitabu.

DaftariJekundu

Msamiati. Maneno 4 au 5 kwa sura, si 12. Acheni yale ambayo picha inayaeleza (fremu, kioo) na yale ambayo hawatakutana nayo tena. Chukueni yatakayorudi kwenye vitabu vingine: kuhangaika, kusita, majuto, kuhofia, kukiri.

Najua wapo wanaoyafundisha yote ubaoni kabla ya kusoma. Sikubaliani nao. Mawili tu yatangulie, yale ambayo bila hayo ukurasa wa kwanza haueleweki. Mengine yaelezwe yanapojitokeza, kwa maneno machache: "alisita, yaani alitaka kusema akajizuia", halafu endelea kusoma. Ukisimama dakika mbili kwenye neno, watoto wameshatoka kwenye hadithi.

Baada ya kusoma ndipo neno lifanyiwe kazi. "Tunga sentensi yenye neno kusita" huzaa sentensi kama "Mimi ninasita", ambayo haithibitishi lolote. Mpe mwanzo aumalizie: "Alisita mlangoni kwa sababu..." Hapo utajua kama ameshika.

MwlSilabi

Narudi na jambo ambalo miongozo iliyotoholewa kutoka lugha nyingine haligusi. Kiambishi chetu hakisemi ni mwanamume au mwanamke. Chukua sentensi "Alimwambia kwamba amemwona akiificha". Nani alimwambia nani? Nani kaonwa? Msomaji mkubwa anaokolewa na muktadha. Mtoto wa darasa la pili anaishia kumpa kila kitendo mhusika mkuu, kwa sababu ndiye anayemkumbuka, na hadithi inapinda bila wewe kujua. Anasoma vizuri, anajibu vibaya, tunasema hana umakini.

Dawa yake ni ya maandalizi. Unapoipitia sura kabla ya kipindi, weka alama ya penseli kila penye mazungumzo ya mistari mitatu au zaidi bila "alisema fulani", na kila sentensi yenye watu wawili ndani ya kitenzi kimoja. Mara nyingi utapata sehemu tatu hadi tano kwa sura. Hapo tu ndipo unaposimama na kuuliza "nani anasema?" Watoto wawe na kadi ndogo za wahusika, herufi ya kwanza ya jina inatosha, wainue kadi wote kwa pamoja. Kwa sekunde tano unaona darasa lote. Kadi zikichanganyika, soma tena mistari ile kwa sauti mbili tofauti kisha waulize upya.

Hata maneno marefu yapasuliwe kwa maana badala ya silabi tupu: ha-wa-ku-m-sikiliza. Waulize "wa" ni akina nani hapa, na "m" ni nani. Maneno mawili kwa sura yanatosha.

Kibuyu cha Maswali

Kuhusu mazungumzo baada ya kusoma: faida ya riwaya ya maisha ya kawaida ni kwamba mtoto anajua hofu ya kuvunja kitu cha mkubwa, kwa hiyo anaweza kukisia. Hatari inatokea hapohapo. Anajibu kutoka nyumbani kwake, si kutoka kitabuni. "Babu atamchapa." Wapi pameandikwa? Kila jibu lifuatwe na "tuonyeshe ukurasa". Kitabuni babu anaweza kuwa mpole tangu sura ya 2, na ushahidi upo.

Bandika karatasi ya manila ukutani yenye safu nne: sura, alichofanya, alichohisi, ukurasa. Jazeni mstari mmoja kwa sura, mtoto mmoja aseme, wewe andika. Kwenye alichohisi katazeni "vizuri" na "vibaya" kuanzia sura ya 3. Wape orodha ya kuchagua: ana wasiwasi, ana aibu, amefarijika, anajuta. Sura ya 8 ikifika wanaona wenyewe mhusika alivyobadilika, na huna haja ya kuwahubiria.

Kosa jingine dogo: wanadhani hadithi inayofanana na maisha ni habari ya kweli, wanauliza mvulana anaishi wapi. Chora safu mbili, "ilitokea" na "ingeweza kutokea", na wapange mifano mitano. Kazi ya dakika kumi siku ya utangulizi.

Mlezi Kimya

Riwaya za aina hii hugusa kifo, wazazi kutengana, umaskini. Soma kitabu chote kabla ya kukileta, hadi mwisho. Swali liwe juu ya mhusika: "kwa nini hakutaka kwenda nyumbani?" Usiulize "nani hapa wazazi wake hawaishi pamoja?" Mtoto akitaja ya kwake mwenyewe, mshukuru kwa kifupi, rudi kitabuni, mfuate faraghani baadaye. Kama kuna aliyefiwa karibuni na kitabu kina msiba, zungumza na mlezi wake kwanza au badilisha kitabu.

Mkia wa Foleni

Na mwenye nakala moja tu kwa darasa zima?

ChakiNyeupe

Inawezekana, ila mpango unabadilika. Kitabu unasoma wewe kwa sauti. Kwa kila sura unachagua kifungu cha maneno 60 hadi 80, chenye tukio na mazungumzo kidogo, unakiandika kwenye manila kwa herufi zinazoonekana nyuma ya darasa. Jaribu mwenyewe kwa kusimama ukuta wa nyuma. Hicho ndicho watoto wanachosoma kwa pamoja, kisha wawili wawili, kisha siku ya tano tena. Usichague aya ya maelezo ya mandhari, ina maneno magumu na haina mvuto. Kudurufu kitabu kizima ni kuvunja hakimiliki, msifanye.

Nakala zikiwa 6 hadi 8, fanya vikundi vya zamu: kikundi kimoja na mwalimu na vitabu kwa dakika 15, wengine na kazi ya daftari.

DaftariJekundu

Kazi ya daftari iwe sentensi 2 au 3, isiwe maswali kumi. Maswali kumi kila sura huwafanya watoto waanze kuichukia sura inayofuata.

Kipindi cha kufunga tumieni muhtasari wa sehemu tano: nani, alitaka nini, lakini (kikwazo gani), hivyo (akafanya nini), mwishowe (ikaishaje). Mtoto aseme kwanza kwa mdomo akinyoosha kidole kimoja kwa kila sehemu, ndipo aandike. Alama moja kwa kila sehemu. Inayokosekana mara nyingi ni "alitaka": wanaanza na tukio, "alivunja miwani", wakaruka kwamba alitaka babu asijue. Akikosa hiyo, mrudishe kwenye safu ya alichohisi, sura ya 1 na ya 2, aisome tena, kisha asimulie upya kabla hujamwandikia alama.

Aliyekosa siku mbili asipewe sura mbili asome peke yake. Mwenzake wa jozi amsimulie kwa dakika tano akitumia manila ya ukutani, halafu wasome pamoja ukurasa wa mwisho wa sura iliyopita, waendelee na wenzao.