Sinema ya Arusha kwa familia ya watu wanne: bado inalipa, au tubaki na flashi nyumbani?

BabaWawili_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela. Shule zimefungwa, na binti yangu wa darasa la tano ameniomba kitu kimoja tu: aingie sinema. Hajawahi. Mdogo wake ana miaka minne. Nimepiga hesabu ya sisi wote wanne kutoka Sakina mpaka Njiro: tiketi 40,000, bisi na soda 22,000, bajaji kwenda na kurudi 16,000. Jumla 78,000. Kwangu hiyo ni mtungi mdogo wa gesi na unga wa mwezi mzima.

Kijana wa laibrari hapa mtaani anakuwekea muvi moja kwenye flashi kwa 500. Kwa hela hiyo angenijazia muvi 156. Mnaoenda sinema mnapata nini cha zaidi?

Chalii_wa_Kijenge
Mkuu, mimi ni mtu wa flashi tangu niko sekondari, ila usilinganishe muvi mpya ya flashi na ya sinema. Ile mpya kabisa mara nyingi imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi. Kichwa cha mtu kinapita mbele, sauti kama inatoka kwenye pipa. Nakala safi unaisubiri. Ila kusubiri kwenyewe kumepungua sana. Zamani filamu ilikaa sinema kama miezi mitatu ndipo ishuke majumbani. Mwaka 2020 kampuni ya Universal na kumbi za AMC za Marekani zilikubaliana siku 17 tu, na 2021 Warner Bros. ikatoa filamu zake kule kwao sinema na mtandaoni siku ileile. Kwa hiyo kama unalipia kuwahi, siku hizi unawahi wiki chache tu. Mimi kwa hilo silipi.

MamaT_Kaloleni
Kaka, kwenye hesabu yako umesahau lugha, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko nauli.

Mwaka jana niliwapeleka wangu wawili. Katuni nzuri, lakini Kiingereza cha mbio, na maandishi ya Kiswahili hamna. Mkubwa anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, alicheka mwanzo mwisho. Mdogo, miaka sita, haikupita nusu saa: "Mama, anasema nini?" Nikawa namnong'oneza, mpaka dada wa kiti cha mbele akageuka kutuangalia. Mimi mwenyewe hadithi ikanipita. Tulitoka mmoja ana furaha, mwingine ana usingizi, na mimi nimechoka.

Sasa nenda kibanda umiza chochote, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Kiingilio jero, DJ anatafsiri kila neno, na watoto wa mtaa wanayakariri maneno yake wiki nzima. Wanaelewa! Hilo sinema zetu hazijatupa. Lakini binti yangu simpeleki kibandani. Joto, benchi limejaa wavulana wakubwa, na ikiisha ya watoto inawekwa yoyote. Na pia inaniuma kwamba waliotengeneza hizo filamu hawapati hata senti.

Binti yako Kiingereza anakiweza? Kama anakiweza kidogo, msimulie hadithi kabla hajaingia. Mimi sikufanya hivyo na nilijuta.

Mzee_wa_Rau
Salaam, vijana. Niko Moshi. Sisi tulikuwa tunaingia sinema ya Plaza kuangalia filamu za Kihindi, na Kihindi hakuna aliyekijua. Hatukutafsiriwa. Tulifuata macho na nyimbo, tukatoka tunaziimba mpaka nyumbani. Ila tusidanganyane, wakati ule hatukuwa na kingine. Kituo cha televisheni Tanzania Bara kilianza 1994. Mtoto wa leo kazaliwa kioo kiko sebuleni, lazima atalinganisha.

Mwaka juzi nilimleta mjukuu wangu huko Arusha kwa Coaster, kilomita kama 80. Filamu ikaisha usiku, ikabidi tulale kwa shangazi yake Usa River. Nakupa jambo moja la kukusaidia: vile viti vinajikunja vyenyewe, na mtoto mwepesi kinamkunja naye. Mjukuu wangu alikaa magoti yamefika kidevuni mpaka nikaweka mkono. Wa miaka minne atakusumbua.

Fundi_Spika
Shikamoo mzee wa Rau.

BabaWawili, kuna njia ya katikati. Mimi nakodisha projekta ya lumeni 3,000 (hicho ni kipimo cha mwanga wake) kwa 25,000 usiku mmoja. Shuka jeupe lililopigwa pasi, lifungwe pembe zote nne lisicheze na upepo. Usianze kabla ya saa moja na nusu usiku, picha itakuwa imepauka. Spika ya ndani ya projekta usiitegemee, unganisha sabufa. Filamu ipakue mapema penye waifai: Netflix kwa ubora wa HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, ukiangalia moja kwa moja bando litakatika kati.

Lakini nitakwambia ukweli ingawa hii ndiyo biashara yangu. Uwanjani kwako pikipiki inapita, mbwa anabweka, mama anainuka kuangalia jiko, wewe unapokea simu. Sijawahi kuona familia ikakaa saa mbili bila mtu kuinuka. Ukumbini giza ni giza, sauti inakuja mpaka kwa nyuma, na hakuna wa kukuita. Tiketi unalipia hizo saa mbili. Kwenye flashi hazimo.

Mzee_wa_Rau
Marahaba. Hapo fundi kanena.

MamaT_Kaloleni
Basi mdogo abaki. Waende wawili, onyesho la mchana, kwa daladala. Wale kwanza nyumbani, maana chakula cha nje wengi hawaruhusu kuingia nacho.

BabaWawili_Sakina
Nimeongea na mama yao. Wataenda yeye na mkubwa: tiketi 20,000, bisi na soda 8,000, nauli na ya akiba 5,000. Jumla 33,000. Mimi nabaki na mdogo. Leo usiku namsimulia hadithi.

BabaWawili_Sakina
Mrejesho wa Jumapili. Wamerudi salama. Mama yake anasema ukumbini hakuuliza hata swali moja, na kwenye daladala hakunyamaza kutoka Njiro mpaka Sakina. Kuna sehemu amekosea kabisa, namsikia, ila simsahihishi. Sasa hivi yuko sebuleni anamtafsiria mdogo wake filamu nzima kwa Kiswahili, sauti za wote anaziigiza yeye, na mdogo amemkodolea macho. Fundi, mwisho wa mwezi nakutafuta. Huyu wa pili naye anadai zamu yake.