Mrejesho: ile riwaya ya vijana niliyotaka kuiacha

Wakuu, niliwauliza kama niendelee na The Book Thief ya Markus Zusak (2005), maana msimulizi ni Kifo mwenyewe na kila mara anakatiza hadithi kwa vitangazo vyake. Mkasema nivumilie. Basi, imeninasa! Pale Hans, baba mlezi, anapomfundisha binti Liesel, mhusika mkuu, kusoma, hadi wanaandika maneno kwa rangi kwenye kuta za chumba cha chini, nilianza kulegea. Halafu Max, Myahudi aliyefichwa humohumo, anapaka rangi nyeupe kurasa za kitabu cha Hitler ili amwandikie binti hadithi yake. Hapo usingizi ukaisha. Nimebakiza sura za mwisho. Msinidokeze chochote tafadhali, Kifo mwenyewe hana siri, keshanitobolea ya kutosha.