Kudeki ni zamu yetu, mimbari ni yao: nimechoka na kanisa langu hapa Goma

Bwana asifiwe wapendwa, na mnisamehe mapema. Leo sina maneno ya asali.

Kanisa letu ni dogo, la mbao na mabati, upande wa Ndosho. Tukijaa sana hatufiki watu 80. Mchungaji alistaafu baada ya Pasaka, wakubwa wakatuambia tungoje, atatumwa mwingine. Haya, tukangoja. Kikaitishwa kikao baada ya ibada, mzee mmoja akasimama akasema kanisa ni letu sote, basi kila mtu ashike kazi, tufanye kama salongo, ile kazi ya pamoja ya kujitolea. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu, ndiyo maana hasira yangu ni kali hivi.

Likanunuliwa daftari la zamu. Jana nimelifungua tangu ukurasa wa kwanza. Katika wiki 11, jina langu liko kwenye usafi mara 5 na kwenye maji mara 4. Kwenye Neno kuna majina matatu tu, yale yale, yanapokezana. Vijana wa korali wamebebeshwa viti na jenereta. Kwenye sadaka hakuna hata zamu: jina moja limeandikwa juu, chini yake mtu kachora mstari mrefu mpaka mwisho wa ukurasa.

Asiyeishi Goma atasema kufagia ni jambo dogo. Aje. Vumbi la mawe ya volkano ni jeusi, linapenya katikati ya mbao, ukipangusa benchi asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole. Na maji si ya kufungulia bomba. Ni bidoni 6 za lita 20, zinapandishwa kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na mwenye chukudu analipwa na yule mwenye zamu, si na kanisa. Sijawahi kuuliza kwa nini. Sasa nauliza.

Jumamosi iliyopita tulikuwa akina mama wanne mlangoni, mvua inanyesha, bidoni zimepangwa ukutani, mlango umefungwa. Ufunguo ni mmoja na anaushika mzee. Nikapiga simu mara tatu. Alipopokea akasema yuko kwenye kilio, ufunguo uko mfukoni mwake, tumsubiri. Tulisubiri chini ya ukingo wa bati mpaka giza likaingia, tukarudi nyumbani tumelowa. Kesho yake akasimama mbele, akatazama sakafu, akasema anasikitika kuona nyumba ya Bwana chafu. Mbele ya wageni! (Kipaza sauti nacho hulala kwake, kimeviringishwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.)

Nilipolileta jambo hili kwenye kikao nikajibiwa kwa Matendo 6: "Haipendezi sisi kuliacha neno la Mungu na kuhudumu mezani." Jamani, mzee, endelea kusoma! Ile sura inaanza na manung'uniko. Wajane walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wakanung'unika, na mitume hawakuwaambia wanyamaze. Wakachaguliwa watu saba wa kuhudumu, na waliochagua ni mkutano wenyewe. Wote saba wanaume! Halafu Stefano, mmoja wa hao wa mezani, ndiye anayehubiri karibu sura nzima ya 7, na Filipo anakwenda kuhubiri Samaria. Kwetu aliyeshika ufagio haruhusiwi kushika Biblia mbele ya watu. Mwezi uliopita mwenye zamu ya Neno hakutokea wala kutuma ujumbe. Tumekaa, saa tano inapita, watoto wanalia. Mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni akasimama, akasoma Mathayo 9, akaongea dakika kumi hivi. Watu walitoa machozi. Unajua kilichofuata? Aliitwa yeye ajieleze kwa kuvunja utaratibu. Yule ambaye hakuja hakuulizwa kitu.

Na sadaka. Mnajua tangu benki zifungwe hapa mwishoni mwa Januari 2025, pesa zinalala majumbani au kwenye simu, na ukizitoa kwa wakala unakatwa. Zamani watu watatu walihesabu, wakasaini, zikapelekwa benki. Sasa anahesabu mmoja na zinalala chini ya kitanda chake. Simwiti mwizi, msinitie maneno mdomoni. Lakini benki ikifungwa ndipo wahesabuji waongezwe, au mnaonaje? Juzi betri ya jenereta imekufa, tumeambiwa tuchange upya. Matoleo ya wiki 11 yako wapi?

Nisiwaweke wote kapu moja. Kuna mzee wetu mmoja, miguu inamuuma, anatembelea wagonjwa kwa mguu mpaka Mugunga, na ukimkuta na benchi bovu ana nyundo mkononi. Yeye hajawahi kuomba mimbari.

Walioko Bukavu, Uvira, hata huku huku Goma, ambao mmewahi kukaa bila mchungaji: nyinyi ufunguo mlimpa nani? Mlichonga wa pili? Maana Jumamosi hii daftari linasema usafi ni wangu tena, na nimeshamwambia mtu wa chukudu asije.