Mjadala: Nyama bwenini mara mbili kwa wiki, au maharage yanatosha?

Baba K, Makambako
Wakuu, Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi. Kijana wangu yuko kidato cha pili, bweni. Hoja iliyoletwa: kila mzazi aongeze mchango ili watoto wapate nyama mara mbili kwa wiki. Ratiba ya sasa mnaijua hata bila kuambiwa: asubuhi uji, mchana ugali maharage, usiku ugali maharage, Jumapili wali kwa maharage yale yale. Upande mmoja ukasema mtoto hajengwi kwa maharage. Upande wa pili, wengi wao wazee wa shule za miaka ya 80, wakajibu kuwa wao walikula hayo hayo na leo ni wahandisi. Mimi niliunga mkono nyama. Nikiwa shuleni nilifundishwa kuna vyakula vya kutia nguvu na vya kujenga mwili, na kwangu mjenzi ni nyama. Anayepinga alete hesabu, asilete kumbukumbu za ujana wake.

Shangazi Lishe
Hesabu hii hapa, Baba K. Kijana wa kilo 50 anahitaji kama gramu 43 za protini kwa siku. Unga wa mahindi una gramu 8 hivi katika kila gramu 100. Akila unga gramu 400 kwa siku, ameshapata 32. Maharage makavu gramu 100 yanaongeza 21 au 22. Amevuka, na nyama hajaiona.

Tena vinafaana. Protini imejengwa kwa vipande vidogo, na mahindi yana uhaba wa kipande kiitwacho laisini, maharage yanayo tele. Maharage yamepungukiwa kingine, methionini, mahindi yanaijazia. Bibi zetu hawakuyajua majina hayo, walipika kande tu.

Lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Gramu 100 za maharage makavu zikiiva ni bakuli la kushiba. Nenda jikoni siku ambayo hawakutarajii, uone mtoto anapakuliwa nini: mara nyingi ni mchuzi na punje za kuhesabika. Na mpishi akitia magadi ili yaive haraka, vitamini B1 inaharibika. Kuloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kungemsaidia zaidi, na kuni zingepungua. Kikao chenu kilizungumzia ndoo ngapi za maharage huingia sufuriani kwa watoto wangapi? Mimi ningeanzia hapo.

Mpiga Chuma
Shangazi, gramu 43 ni za mtu anayekaa tu. Sisi wa mazoezi tunatafuta gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 75, piga hesabu. Bila poda ya protini ya kopo siwezi. Maharage ya kunifikisha huko yatanifukuzisha kwenye daladala.

Shangazi Lishe
Mdogo wangu, hicho kiwango chako sikikatai, kinatumika kwa wanaonyanyua vyuma kwa dhati. Ila 75 mara 1.6 ni 120, na mayai manne, maziwa nusu lita, karanga kiganja na sahani nzuri ya maharage na samaki, pamoja na ugali wako wa kila siku, vinakufikisha bila kopo. Kama una shida ya figo, usifanye lolote kati ya hayo kabla ya kumwona daktari. Turudi bwenini.

Muuza Dagaa, Mwaloni Kirumba
Mnabishania nyama na maharage kana kwamba Ziwa Victoria limekauka. Dagaa wakavu, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Mtoto anamla na kichwa na miba, kwa hiyo kalisiamu imo. Kilo moja inakwenda mbali kwenye sufuria kuliko kilo ya nyama yenye mifupa.

Sasa niwaambie linaloniudhi. Hapa mwaloni, soko la samaki la Mwanza, kuna dagaa wa watu na dagaa wa kuku, na ziwani walikuwa wale wale. Walioanikwa kwenye chanja wanakwenda kuliwa. Walioanikwa mchangani, au walionyeshewa na mvua kabla hawajakauka, wanakwenda kusagwa chakula cha mifugo. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inaishia kwa kuku. Chanja zingekuwa nyingi, bweni lako lingekula. Na mkinunua, epukeni siku za mbalamwezi: hatuvui, bei inapanda.

Mfugaji, Kibaha
Kaka wa Kirumba, huyo kuku unayemsema anataga. Yai moja lina gramu 6 za protini nzuri kabisa, mtoto halikatai, halina michanga. Mpeni kila mtoto mayai matatu kwa wiki, mjadala umekwisha.

Muuza Dagaa, Mwaloni Kirumba
Kuku wako anakula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, protini yake kama 18. Anakurudishia 6, na si kila siku. Biashara ya namna hiyo kwangu ingekufa mwezi wa kwanza.

Mfugaji, Kibaha
Nyingi ya hizo 18 ni mashudu ya alizeti na pumba. Wewe unaweza kula mashudu? Ila hapo kwenye dagaa, sawa, nimekuelewa.

Shangazi Lishe
Wote wawili mna jambo ambalo Baba K asilipite. Dagaa na mayai vina vitamini B12, ambayo maharage hayana kabisa, na dagaa wana madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kwa urahisi kuliko yale ya maharage. Kwa mabinti waliovunja ungo hilo ni zito kuliko hesabu ya protini. Mwaka 1974 mtaalamu wa lishe Donald McLaren aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba dunia ilikuwa imepotea kwa kuona kila mtoto dhaifu amekosa protini. Naona kikao chenu kilikuwa njia hiyo hiyo.

Na lingine, nisamehe kaka. Wewe uko Njombe. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano kitaifa ni asilimia 30; Njombe ni kama nusu, Iringa zaidi ya nusu. Ndiyo mikoa inayolisha wengine. Udumavu huo hauanzii bwenini. Unaingia mimba ikiwa changa hadi mtoto anapofika miaka miwili.

Baba K, Makambako
Nimesoma yote. Hoja yangu ya nyama naiondoa, ingawa wale wahandisi wa miaka ya 80 siwapi ushindi. Kikao kijacho napendekeza hivi: maharage yapimwe kabla ya kuingia sufuriani na mzazi mmoja ashuhudie, magadi yakome, mchango ununue dagaa wa chanja kwa Jumatano na Ijumaa. Muuza Dagaa, nitakutafuta.

Mama K alikuwa pembeni nikisoma kwa sauti. Akaniuliza uji wa mwanetu mdogo, ana miezi kumi, una nini ndani yake. Nimekwenda kuangalia. Unga, maji na sukari.