Mdogo wangu amepata nafasi mbili, achague ipi?

Ana miaka 19, kamaliza sekondari. Mashirika mawili yamemkubali kwenye mafunzo ya bure. Nitazame nini?

Mwalimu mstaafu: Ulizia nauli na posho kwanza, ndugu yangu. Nimewafundisha vijana wa miradi hii. Walioacha njiani wengi hawakushindwa na masomo, walikosa nauli. Inaniuma mpaka leo. Kwa mfano Year Up, shirika la Marekani la mafunzo ya kazi lililoanzia Boston mwaka 2000, huwapa vijana posho, kisha huwapeleka kwenye kampuni kujifunza kazi yenyewe.

Dada Mkubwa: Na baada ya cheti, nani atamshika mkono? Kwa mfano CAMFED, shirika la kusomesha wasichana Afrika lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993, lina mtandao wa wasichana liliowasomesha, nao huwasaidia wanaowafuata.

Muulizaji: Asanteni sana. Shirika moja halitoi posho kabisa. Kesho nawapigia simu.