Kundi la Wakenya wa Arusha na Moshi: Baiskeli imeibwa Sakina, kituoni wanataka risiti

Mama Tony, Sakina:
Ndugu zangu, habari za jioni. Usiku wa kuamkia jana wameingia wakachukua baiskeli ya Tony barazani, na geti lilikuwa limefungwa. Ni ya mtumba kutoka Japani, rangi ya fedha, kikapu mbele. Nilikuwa nimeifunga kwa waya kwenye nguzo. Vipande viwili vya huo waya viko hapa mezani nikiandika: nje plastiki nene, ndani nyuzi nyembamba tu kama za breki.

Asubuhi nikaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, yaani OB. Wakanitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Yule muuza mitumba alinipa karatasi ya daftari, na hata hiyo siioni. Basi niende serikali ya mtaa nikachukue barua. Mwenyekiti ananiambia simo kwenye daftari la wakazi, nilete nakala ya kibali cha ukaazi. Cha daraja B kiko kwenye kuhuishwa, ninayo namba ya ombi tu.

Haraka yangu ni hii: leo mchana Tony ameiona kwa fundi mmoja, imeshatolewa kikapu. Fundi anasema kaachiwa na mteja, haitoi bila karatasi ya polisi. Kwa aliyepitia haya: barua ya mwenyekiti inapokelewa badala ya risiti? Na mwenyekiti naye akikataa namba ya ombi nifanyeje?

Kamau, Njiro:
Pole sana Mama Tony. Kwanza, hapa si OB, ni RB. OB tumeiacha Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Ukiingia kituoni na "nipatie OB" wanajua umetoka wapi kabla hujakaa. Ulisalimia? Nauliza kwa nia njema. Sisi tunaanza na shida, wenzetu wanaanza na habari za nyumbani, na faili linakwenda kwa mwendo wa hiyo salamu.

Mimi waliniachia fremu wakachukua gurudumu la mbele, lile la kufungua kwa mkono. Nilikuwa nimefunga kufuli kwenye gurudumu la nyuma peke yake. Tangu siku hiyo mnyororo unapita kwenye fremu na magurudumu yote mawili, ndipo unafungwa. Waya ni wa kuzuia watoto wasiichezee, mwizi anaukata kwa koleo.

Mama Neema, Kijenge:
Dada, usihangaike na foleni. Ingia mtandaoni ujaze taarifa ya upotevu wa mali, unapewa kontrol namba ya malipo, unalipa kwa simu, unachapisha. Mimi nilifanya hivyo kwa leseni, sikutoka hata nyumbani.

Kamau, Njiro:
Mama Neema, hapana. Hiyo ni ya kitu kilichopotea. Hii imeibwa. Akiandika kwa mkono wake kwamba ameipoteza, amempa aliyeichukua neno la kusema: niliiokota. Tafadhali tusimpeleke huko.

Mama Neema, Kijenge:
Sawa Kamau, nilikuwa nasaidia. Basi aanzie kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wangu ananijua mimi na wanangu kwa majina, hajaniomba kibali hata siku moja.

Nafula, Usa River:
Balozi wa hapa ni wa chama, CCM, mama. Ataweza kukusindikiza kwa mwenyekiti na kusema anakufahamu, na hilo lina uzito, ila muhuri unaotakiwa ni wa mtaa. Msichanganye na Nyumba Kumi ya kwetu, iliyoletwa baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, 2013. Hapa mabalozi wapo tangu enzi za TANU, kabla ya CCM.

Mama Tony, angalia kitu kimoja. Baiskeli za Japani huwa na kibandiko kidogo cha kusajiliwa kule, chenye herufi zao na namba, kimegandishwa kwenye fremu, mara nyingi kwenye bomba la chini ya siti. Kukibandua si rahisi. Kama una picha yoyote ya Tony akiwa juu ya baiskeli, ikuze uone kama kinaonekana. Na namba ya fremu aghalabu imegongwa chini kabisa, pale pedeli zinapoungana: igeuze miguu juu, usugue matope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Sisi tumepiga picha za namba za baiskeli zote tatu, na mume wangu amezamisha pete ya nondo kwenye zege la korido, imeota sakafuni kama jino. Usiku zinalala hapo kwa mnyororo mmoja, mlango umefungwa. Barazani hapana. Barazani ni nje.

Mzee Odhiambo, Moshi:
Wanangu, hamjambo. Nimesoma hili la risiti likanikumbusha marehemu baba. Alikuwa reli ya Afrika Mashariki hapa Moshi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa, tuliondoka na masanduku mawili. Baiskeli yake ya Raleigh ilibaki kwa jirani wa Majengo, Mchaga, waliyekuwa wakinywa naye chai kila Jumapili. Hawakuandikiana kitu. Mpaka ulipofunguliwa 1983 baba alikawia kidogo, kisha akapanda basi. Akaikuta sebuleni, imeegemezwa ukutani, siti imefunikwa kitambaa cha kufuma, mnyororo umepakwa mafuta. Yule mzee alisema kila Jumamosi aliizungusha pedeli ili isigande. Baba alikaa pale sakafuni akalia, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Kwetu Kisumu pia ndivyo ilivyokuwa, baiskeli ililala ndani na watu. Nimekuwa huku miaka mingi, bado asubuhi zile kengele za Kondele nazisikia.

Baba Chebet, Moshono:
Shikamoo Mzee. Umenigusa. Na hapo ndipo ninapouliza: makao makuu ya Jumuiya yako Arusha hii hii, soko la pamoja limeanza 2010, mbona mama wa Sakina anaulizwa kibali kwa ajili ya baiskeli ya mtoto? Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho tangu 2014. Hapa bado pasi.

Kamau, Njiro:
Baba Chebet, hayo ni ya kweli na tumeyasema mara nyingi. Lakini baiskeli iko kwa fundi sasa hivi, na fundi hatungoji tumalize. Mama Tony, RB hailipiwi, usitoe hela ya aina yoyote.

Nafula, Usa River:
Kamau, nani kazungumzia hela?

Mama Tony, Sakina:
Asanteni wote. Mzee Odhiambo, nimemsomea Tony habari ya baba yako, akanyamaza muda mrefu.

Nafula, Mungu akubariki. Nimekuta picha ya siku ya kuzaliwa kwake, kibandiko kinaonekana, tarakimu nne za mwisho zinasomeka. Tony amepita tena kwa fundi jioni, akainama kama anafunga kamba za viatu: kipo, ni zile zile nne. Fundi amesema mteja ameahidi kuja kesho mchana.

Balozi wetu amekubali kunisindikiza kwa mwenyekiti saa 1 asubuhi, halafu kituoni. Nabeba picha, namba ya ombi la kibali na vipande vya waya. Ila bado sijajibiwa: nikipewa hiyo barua, kituoni wanaipokea bila risiti? Naomba mwenye kujua aandike usiku huu.

Baba Chebet, Moshono:
Nitakuwa nje ya kituo saa 2 na gari, msirudi kwa fundi kwa miguu. Tony aje na sare, atafika shule.

Mama Neema, Kijenge:
Nafula, hiyo pete ya nondo fundi wenu ni nani, na alitumia nondo ya milimita ngapi?