Kikundi: Watu wa Langoni, Lamu

FATMA, 16:12
Assalamu alaykum Ma, Ami na nyote. Niko Malindi, natoka matangani mtaa wa Shela. Nimeonana na Rukia. Ana mtoto wa kiume, miaka mitano unusu. Kidevu ni cha kaka Twalibu, kishimo kile kile. Nimelia mbele za watu.

SHANGAZI ZUHURA, 16:14
Fatma, jambo zito hilo. Usilitie hapa kwa ajili ya kidevu.

FATMA, 16:15
Nimemuuliza mwenyewe, Shangazi. Amenambia, "Ni wenu," akaingia ndani.

TWALIBU, 16:15
Anaitwa nani?

FATMA, 16:16
Abubakari.

MAMA, 16:21
Jina la marehemu babako.
Nilimwambia mimi. Tulikuwa jikoni, yuko kwenye mbuzi akikuna nazi, nikamwambia nyumba hii haitaki mti usiozaa. Hakunijibu. Akaendelea kukuna. Mwezi haukuisha mkaachana.

AMI ATHMANI, 16:25
Twalibu, ulitamka talaka ngapi?

TWALIBU, 16:25
Moja, Ami. Kwa hasira.

AMI ATHMANI, 16:31
Basi sikiliza. Eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Miezi yote ile ungeweza kumrejea kwa neno tu. Alipozaa, mlango ule ukafungwa. Sasa ni posa upya, walii, mashahidi, mahari mapya, na kwanza kabisa ridhaa yake. Mkioana zimebaki talaka mbili. Mtoto ni wa ndoa, asimtie doa mtu. Na matunzo yake ni juu yako tangu alipozaliwa.

SHANGAZI ZUHURA, 16:33
Hata hivyo, kutuficha damu yetu miaka yote hii?

MAMA, 16:33
Zuhura, basi.

TWALIBU, 16:36
Chumba sijampa mtu. Kasha lake liko pale pale na nguo zimo.

RUKIA, 16:58
Assalamu alaykum. Hamkunitoa humu. Nimekuwa nikisoma.

MAMA, 16:58
Mwanangu

RUKIA, 17:06
Ma, sikumficha kwa chuki. Nilijua nina mimba nikiwa nishafika huku kwa khalati. Nikaogopa kurudishwa kwa ajili ya tumbo. Nilitaka Twalibu anifuate mimi, kabla hajajua. Nikangoja. Hakuja.

TWALIBU, 17:09
Nilikuja. Nilishuka Malindi, nikaenda kwa miguu mpaka karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Nikaona mlango wa khalati umefungwa, haya zikanishika, nikarudi stendi. Kosa hilo ni langu, si la Ma. Nisamehe, Rukia.

RUKIA, 17:20
Kesho panda basi la asubuhi pale Mokowe. Njoo umwone mchana, usiku hulala mapema. Habari ya posa kaseme na kakangu. Mahari nitataja mwenyewe.

MAMA, 17:21
Na mimi nije?

RUKIA, 17:24
Njoo, Ma. Hajaonja mkate wa sinia wa nyanyake.

MAMA, 17:25
Naroweka mchele sasa hivi.